Nampeleka bi mkubwa Irente (Lushoto) na IST, niende saa ngapi nisikute ukungu?

mtu_wa_tabata

Wakuu habari za jumapili. Naomba msaada kwa wenyeji wa Lushoto na wote mnaoijua ile njia ya milimani.

Mama yangu alikua mwalimu wa UPE (ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote) huko juu zamani, mi sijazaliwa bado, sasa hivi ana miaka sabini na kitu na kila tukikaa nyumbani lazima aitaje Irente, ule ukingo wa mlima, kwamba jumapili wakitoka kanisani walikua wanaenda na walimu wenzake wanakaa kwenye mawe wanaangalia magari ya barabara ya Moshi yanavyopita kule chini. Nimeamua mwezi wa nane nikipata likizo nimpeleke akapaone tena. Tutakua wanne, mimi, mama watoto, bi mkubwa na mtoto wa miaka sita. Gari ni IST ya cc 1300, automatiki.

Sasa maswali. Zile kona za Mombo hadi Lushoto IST inapanda na watu wanne na mabegi au nitaua gia boksi? Afu pale Irente ni saa ngapi nzuri, maana nimeona picha za watu wengine wanaona nchi yote mpaka macho yanaishia, wengine wamepiga na weupe mtupu nyuma yao kama wamesimama mbele ya shuka. Magoti ya mama yanasumbua, je gari inafika karibu au kuna kutembea? Na kuna jamaa kazini kaniambia Irente ni ya watalii tu, eti kama nataka mandhari ya kweli niende Mtae. Nisaidieni nisije nikamchosha mama wa watu bure.

kona_za_soni

Mkuu IST inapanda tena bila wasiwasi, Noah na Hiace za abiria zinapanda kila siku zimejaa na juu zimebeba magunia. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, lami yote, we tenga saa nzima usiwe na haraka. Ukiona gari inahangaika inabadili gia kila dakika zima AC, bonyeza OD (kitufe cha gia ya juu) iwe off, na kwenye vile vilima vya ukweli weka gia ya 2 uiache ipande kwa mwendo wake, na jicho lisitoke kwenye alama ya joto la injini.

Kupanda sio shida, shida ni KUSHUKA na hili naomba ulishike. Mombo iko chini kabisa tambarare, Lushoto iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwaiyo unashuka karibu kilomita nzima ya kimo ndani ya hizo 33 na barabara imejikunja muda wote. Watu wa Dar wamezoea kushuka na D huku mguu uko kwenye breki mwanzo mwisho, wakifika chini ya Soni, pale katikati ya njia, wanasikia harufu ya kuungua, afu kanyagio linaanza kuzama. Breki zikichemka sana hazishiki, na pale upande mmoja ni ukuta wa mwamba upande wa pili ni korongo. Shuka na 2, kipande kikali weka L (gia ya chini kabisa), injini ndio iishike gari, breki unagusa tu kabla ya kona. Na usije ukaweka N eti unabana mafuta.

Kona ambazo huoni mbele piga honi, hata kama unajisikia vibaya kupiga piga. Ile barabara ni nyembamba, basi likija kwenye kona linachukua nafasi yake na robo ya kwako. Jioni kuna malori ya mboga yanashuka na kabichi na karoti yanawahi soko la Dar alfajiri, yale yana haraka na wewe huna, mkikutana mpishe. Usipande usiku kama hujawahi kupita. Fika Mombo saa tisa mchana ikizidi sana saa kumi.

msambaa_wa_magamba

Karibu sana nyumbani ndugu, na msalimie mama, walimu wa wakati ule huku bado wanatajwa majina.

Nikujibu la ukungu maana ndio swali lenyewe. Irente iko kwenye ukingo kabisa wa milima upande wa magharibi, pale ardhi inakatika inaanguka kama mita elfu moja mpaka tambarare. Hewa yenye unyevu ikija ikakutana na mlima inalazimika kupanda, ikipanda inapoa, ikipoa inakua wingu, na wewe uliesimama ukingoni unakua ndani ya wingu lenyewe. Sasa mwezi wa saba na wa nane ndio baridi yetu, asubuhi ukungu unachelewa kuondoka, mara nyingi saa nne au saa tano ndio jua linapata nguvu linaufungua. Mtu anaekuja saa moja asubuhi akitegemea kuona jua lichomoze anakosea na mwelekeo pia, jua linachomoza nyuma yako upande wa Lushoto mjini, linazama mbele yako.

Kwaiyo kwa mwezi wa nane mi nakushauri nenda kuanzia saa tisa alasiri ukae mpaka jua lizame saa kumi na mbili na nusu hivi. Ile saa ya mwisho tambarare yote inageuka rangi, na vile vilima vidogo vya kule mbali vinaanza kutoa vivuli virefu. Ila kama lengo ni picha ya mama sura yake ionekane, jua la jioni linakua nyuma yake atatoka mweusi, hapo saa tano sita ni bora, mwanga unatoka upande wa mlimani unaangukia bonde.

Kitu kimoja naomba unisikilize, USIJE KWA KULALA USIKU MMOJA. Mlima una siku zake. Unaweza ukafika leo pakafungwa toka asubuhi mpaka usiku na kesho pakawa wazi unaona vumbi la gari kule chini. Nimeona watu wametoka Dar na watoto, wamefika jumamosi jioni wakakuta wingu, jumapili asubuhi wingu, wameondoka wakisema Lushoto hamna kitu. Lala siku tatu kama kazi inaruhusu, Irente ni kilomita tano sita tu toka mjini, ukiamka unaangalia juu, pakiwa wazi unaenda, pakiwa pamefungwa unampeleka mama sokoni au msitu wa Magamba mkaone mbega, unarudi ukingoni jioni.

Mama_Nasri

Nimetoka huko mwaka jana na mama mkwe anaetembea na fimbo kwaiyo naongea kitu nilichokiona. Gari inafika karibu kabisa, kutoka mjini mpaka pale kuna vipande vya vumbi na mashimo lakini kwa IST pole pole mnafika. Unalipa kiingilio kidogo, kutoka unapopaki ni kutembea kidogo tu. Ila yale mawe ya ukingoni yenyewe hayajasawazishwa, kwa mtu wa magoti sio pa kupanda. Jirani pale kuna loji imejengwa kwenye ukingo, mkiagiza hata chai mnakaa barazani na bonde lote liko mbele yenu, mama mkwe alikaa pale kwenye kiti cha kuegemea masaa hata hatukumsikia kulalamika mguu.

Kwa huyo mtoto wa miaka sita tafadhali sana mshike mkono muda wote. Sio kila mahali kuna uzio na kuna majani yanafunika ukingo unadhani ardhi inaendelea kumbe imeisha. Gawaneni kazi mapema, mmoja wa mama mmoja wa mtoto, na simu wote wekeni mfukoni mpaka mtu amekaa chini.

Afu kabla ya kufika pale ukingoni mtapita Irente Farm, ni ya KKKT (kanisa la Kilutheri) Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, msiipite hivi hivi. Wanatengeneza jibini na mkate mweusi wa nafaka ya rai na majemu, unaweza ukaagiza chakula cha mchana ukala bustanini chini ya miti. Piga simu siku moja kabla mkiwa wengi. Ule mkate ni mzito unakatika vipande vyembamba, ukiweka jibini yao na karoti mbichi ya pale pale umeshiba mpaka jioni.

mtu_wa_tabata

Asanteni sana wakuu, nimesoma yote na nimemsomea mama pia, hiyo ya mkate mweusi kasema walikua wanaununua enzi hizo kwa wamisionari. Siku tatu nimekubali. Ya gia nimeielewa @kona_za_soni, ntaipeleka gari kwa fundi waangalie pedi na maji ya rejeta kabla. Bado hamjaniambia ya Mtae, na pia mtoto anatapika kwenye kona, kuna dawa?

mlima_kwanza

Ya Mtae nakujibu mimi maana naona wote wamekaa kwenye Irente. Jamaa yako kazini hajakosea. Irente ni nzuri sikatai, lakini Irente unaona upande mmoja. Mtae kijiji chote kimekaa juu ya mgongo wa mlima, unasimama barabarani kulia ni korongo kushoto ni korongo, mbele huko ndio mwisho wa Usambara, chini yako hifadhi ya Mkomazi inaenda mpaka Kenya, kushoto milima ya Upare, na alfajiri ikiwa safi kabisa unaiona Kilimanjaro. Jirani yake kuna Mambo, nako ukingo ni ule ule tena pametulia. Pale utaona tai anazunguka CHINI yako, unamuangalia mgongo, na manyoya ya mwisho ya bawa yanavyojikunja akikata kona. Mtu akishaona hivyo hawezi kuniambia habari ya kunywa chai kwenye loji.

Njia yenyewe ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto, sehemu kubwa vumbi, masaa matatu ukienda kistaarabu. Unapita misitu, unapita mashamba ya viazi na kabichi yamepandwa kwenye miteremko ambayo we ungeogopa hata kusimama. Mwezi wa nane hamna mvua kubwa, gari ndogo inafika.

kona_za_soni

@mlima_kwanza unamshauri mtu ana mama wa magoti na mtoto anatapika aende masaa matatu ya vumbi na kurudi masaa matatu? Kwa kijana mwenye pikipiki sawa, hata mi ningemwambia aende. IST iko chini, yale mawe ya katikati ya barabara yanagonga sampo (bakuli la oili chini ya injini), na sampo ikitoboka huko unasubiri fundi mpaka kesho. Mvua ikinyesha hata ya nusu saa ule udongo mwekundu unateleza ile mbaya. Kama anataka Mtae apande basi la wenyeji yeye mwenyewe siku moja, mama abaki mjini na mkewe.

mlima_kwanza

Sijasema aende na kurudi siku moja, alale. Kuna nyumba za kulala wageni Mtae na Mambo. Lakini kwa hali ya mama nakubali, aanze Irente, Mtae aje safari nyingine akiwa na gari iliyonyanyuka.

chunya_boy

Mnaongea kama Usambara peke yake ndio ina ukingo. Njooni barabara ya Mbeya kwenda Chunya, ukishapanda unasimama pale juu unaangalia bonde la Usangu, baridi ile sweta moja haitoshi.

msambaa_wa_magamba

@chunya_boy tutakuja kaka, ila huyu anampeleka mama alikofundisha, hawezi kumpeleka Mbeya.

Kuhusu mtoto kutapika, asile vitu vya mafuta Mombo, mpe tangawizi anyonye kidogo, akae dirishani kioo wazi na aangalie mbele asishike simu. Na mkifika Soni SIMAMENI, ni kama nusu ya njia. Kuna maporomoko ya maji pale karibu na barabara, mnashuka mnanyoosha miguu dakika ishirini, mama ananunua matunda. Plamsi mwezi wa nane sio msimu wake, mje krismasi mpaka mwezi wa pili, lakini pasheni na parachichi hamkosi. Soni ndio pia njia inachepuka kwenda Bumbuli na Vuga, na mwambie mtoto kwamba Vuga ndio ilikua makao ya Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotawala milima yote hii, walianza na Mbega aliekua mwindaji wa nguruwe pori ametokea Nguu. Akisikia hadithi anasahau kichefuchefu, na wangu nawafanyia hivyo hivyo.

mzee_mkonge

Nimefanya kazi mashamba ya mkonge upande wa Korogwe toka kijana, sasa nimestaafu. Nataka kumwandalia huyo mwalimu kidogo, kwasababu anachokumbuka na atakachokiona sio kitu kimoja.

Wakati wake ukisimama Irente ukaangalia chini Mazinde ulikua unaona mkonge, mistari imenyooka, kijani ya kijivu inaenda mbali sana, na reli ndogo za kubebea majani kwenda kiwandani. Nchi hii mwaka 1964 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, hakuna aliekua anatufikia duniani. Baadae kamba za plastiki zikaingia, bei ikaanguka, na usimamizi wa mashamba baada ya kutaifishwa 1967 nao ulikua na matatizo yake, mashamba mengi yakaachwa yakawa pori. Kuna yaliyorudi na mistari yake ataiona, lakini kuna vipande atauliza shamba la fulani liko wapi na jibu ni kwamba limekua vichaka na mahindi ya watu. Nawaambia hivi kwasababu mimi mwenyewe nikipelekwa pale juu macho yanaanza kutafuta vitu ambavyo havipo.

Vilivyobaki vile vile ni hivi. Barabara ya Moshi na Arusha, mabasi yanaonekana kama sisimizi lakini ukitulia ukafuata moja kwa macho unaliona linavyotoka upande wa Mombo, huo ni mkono wenu wa kushoto, linapita mpaka linapotelea kulia kuelekea Mkomazi na Same. Reli ya Tanga kwenda Moshi inaenda nayo sambamba. Na ng'ambo yake kuna mstari wa miti ya kijani iliyokolea, huo ni mto Pangani, hata kiangazi kikali ule mstari haukauki. Kupita hapo ni nyika, upande wa Handeni na Simanjiro. Mwonyesheni mama hivyo vitatu kwanza, barabara, reli na mto, halafu mwacheni aendelee mwenyewe. Msimharakishe kwa ajili ya picha.

mtu_wa_tabata

Shikamoo mzee wangu. Hii nimeisoma mara mbili. Mama anasema lile shamba la chini yake anakumbuka king'ora cha kazi kilikua kinasikika mpaka juu kukiwa na upepo. Nakushukuru sana, ningempeleka bila kujua halafu angekaa kimya ningedhani hajapapenda.

La mwisho wakuu, kutoka Dar nipite Chalinze au Bagamoyo Msata? Na pale Irente vijana wanaojitolea kuwa wenyeji wa kutuongoza tunawachukuaje?

mzee_mkonge

Marahaba mwanangu. Kile king'ora ni kweli kabisa.

kona_za_soni

Pita Bagamoyo utokee Msata, lami safi na unakwepa foleni ya Kibaha na Mlandizi. Ukishaingia barabara kubwa pale Msata ni moja kwa moja Mkata, Segera, Korogwe, Mombo. Kwenye vijiji 50 ni 50 kweli, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo nyingi na zinajificha vizuri. Toka Dar saa kumi na moja alfajiri, mnapumzika Korogwe, Mombo mnafika mchana kweupe na saa tisa mko mjini mmeoga. Mafuta jaza full Mombo na upepo wa tairi angalia hapo hapo.

Mama_Nasri

Kuongoza Irente peke yake hamhitaji mtu, barabara inajulikana mkiuliza kila mtu anaonyesha. Mkitaka kutembea msitu wa Magamba hapo chukueni muongozaji, nendeni kwenye ofisi za utalii wa kitamaduni pale mjini muandikiwe risiti, msimchukue tu mtu aliewafuata stendi. Na bei mkubaliane kabla hamjaanza kutembea.

Sweta nzito za mama chukua, na soksi, na blanketi moja la ndani ya gari. Kule ukingoni jioni upepo unatoka bondeni na mwezi wa nane ni baridi ya kweli, mtu wa Tabata hajaizoea. Mama mkwe tulimfunika khanga mbili na bado tukarudi garini kumchukulia koti.

msambaa_wa_magamba

Na siku mkifika kama mama bado anakumbuka jina la shule aliyofundisha, niandikie hapa hapa au inbox. Kama ni upande wetu wa Magamba au Irente naweza kuulizia kwa wazee nani alisoma kwake, wapo waliobaki kijijini. Ikiwezekana waje jumapili pale loji baada ya ibada wamsalimie.